Uzi: Nook ya Barnes & Noble ilikwama wapi? Hesabu, vifaa na makosa

HesabuZaDuka

Wadau, kila mada ya vifaa vya kusomea ikifunguliwa, Nook, kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali cha maduka ya vitabu ya Barnes & Noble (B&N), hupewa sentensi moja tu: "Amazon waliiua." Jibu hilo ni fupi mno. Kwa miaka kama mitatu Nook ilikuwa mshindani wa kweli wa Kindle ya Amazon huko Marekani, na baadhi ya vifaa vyake vilikuwa bora kuliko vya Amazon. Nianze na mlolongo wenyewe, wenye kujua upande wa ufundi na wa mafaili waongeze.

B&N hawakuchelewa kwa kutojua. Mwaka 1998 walikuwa miongoni mwa waliowekeza NuvoMedia, kampuni iliyotengeneza Rocket eBook, kifaa cha awali cha kusomea vitabu vya kidijitali. Soko halikuja, na mwaka 2003 wakaacha kabisa kuuza vitabu vya kidijitali kwenye tovuti yao. Kindle ya kwanza ikatoka Novemba 2007 kwa dola 399. B&N wakarudi 2009: Machi walinunua duka la mtandaoni la Fictionwise kwa dola milioni 15.7, na Oktoba 20 wakatangaza Nook kwa dola 259. Katika ile miaka miwili, msomaji wa Kindle alishajaza rafu yake. Vitabu vile vimefungwa kwa kufuli la kidijitali la Amazon, kwa hiyo akihamia Nook anaanza sifuri. Ndiyo maana kutangulia katika biashara hii kuna uzito kuliko katika kuuza redio au simu.

Sasa hesabu. Mapato ya kitengo cha Nook kwa mwaka wa fedha unaoishia Aprili:

2012: dola milioni 933
2013: milioni 776
2014: milioni 506
2015: milioni 264
2016: milioni 192

Mwaka wa 2013 peke yake kitengo kilipata hasara ya dola milioni 475, kabla hata ya riba, kodi na uchakavu. Julai 2013 mkurugenzi mkuu William Lynch akajiuzulu.

Kwa maoni yangu kiini ni hiki. Duka la vitabu Marekani limezoea biashara ambayo kitabu kisipouzwa kinarudishwa kwa mchapishaji na duka linarudishiwa fedha. Tableti hairudi. Ukiagiza nyingi kiwandani kwa ajili ya Krismasi na zikabaki, ni mzigo wako, na kila mwezi unaopita thamani yake inashuka kwa sababu mshindani ametoa mpya. B&N waliingia kwenye vifaa vya elektroniki kwa mazoea ya biashara ya kurudisha.

FundiSkrini

Mkuu, hapo kwenye "bora kuliko vya Amazon" nikuunge mkono kwa maelezo, maana wengi hawajavishika.

Nook ya kwanza (2009) ilikuwa na skrini mbili: juu inchi 6 ya wino wa kielektroniki, chini kiskrini kidogo cha rangi cha inchi 3.5 cha kugusa. Ndani Android 1.5. Ilikuwa na nafasi ya kadi ya microSD na betri ya kubadilishwa na mwenyewe, vitu viwili ambavyo Kindle ya wakati ule haikuwa navyo. Udhaifu: programu ilikuwa nzito, kufungua kurasa kulichelewa, na kila ukigusa kile kiskrini cha chini unakula betri. Wino wa kielektroniki hutumia umeme wakati wa kubadilisha ukurasa tu, lakini kioo cha rangi kinakula muda wote kikiwaka. Isitoshe mahitaji yaliwazidi, na wengi walioagiza hawakukipata kifaa kabla ya Krismasi ya 2009.

Simple Touch ya 2011 (dola 139) ndiyo kazi yao nzuri kuliko zote. Kiskrini cha chini kikaondolewa, mguso ukawa wa infraredi: miale inapita juu ya skrini kutoka ukingo hadi ukingo, kidole kikiikata kifaa kinajua ulipogusa. Faida yake ni kwamba hakuna safu ya ziada juu ya wino, kwa hiyo maandishi yanaonekana makali. Vitufe vya kufungua kurasa vikabaki pembeni, na skrini iliwaka nyeusi kwa usafishaji kila baada ya kurasa sita badala ya kila ukurasa.

Mwaka 2012 wakaongeza taa ya ndani, GlowLight, miezi kadhaa kabla ya Kindle Paperwhite. Hapo ndipo ubora ulipoyumba. Taa hiyo hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kutoka ukingoni ndani ya safu nyembamba ya plastiki iliyolala juu ya skrini. Safu ile ikipata mkwaruzo au kutobolewa na kitu chenye ncha, mwanga unatokea pale pale na unabaki na nukta inayong'aa usiku kucha. Hakuna dawa ya kuifuta, ni kubadilisha skrini nzima.

KaramuNaKurasa

HesabuZaDuka, kwenye vita ya bei umepita haraka. Juni 21, 2010 B&N walitoa Nook ya Wi-Fi kwa dola 149 na kushusha ile ya 3G kutoka 259 hadi 199. Siku ileile, saa chache baadaye, Amazon wakaishusha Kindle kutoka 259 hadi 189. Na Nook ilikuwa sokoni miezi saba tu!

Na upande wa vitabu vyenyewe hapakuwa na mwanya wa kupumulia. Kuanzia Aprili 2010 wachapishaji wakubwa watano waliingia mfumo wa uwakala: mchapishaji anapanga bei, muuzaji anapata asilimia 30. Kwa B&N huo ulikuwa ulinzi, kwa sababu Amazon hawakuweza tena kuuza kitabu kipya chini ya gharama. Wizara ya Sheria ya Marekani ikawafungulia wachapishaji hao na Apple kesi ya kupanga bei kwa njama Aprili 2012, Apple wakashindwa mahakamani Julai 2013, na makubaliano ya wachapishaji yakaruhusu punguzo kurudi. Ukiangalia ile safu ya mapato hapo juu, ulinzi ule uliondoka wakati uleule tableti zilipoanza kudoda.

MlangoWaPili

Naomba kuuliza. Kama Simple Touch ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini wakakimbilia tableti?

HesabuZaDuka

Swali zuri. Kwa sababu tableti ya kwanza iliwalipa. Nook Color ilitoka Novemba 2010 kwa dola 249: inchi 7, rangi, majarida, vitabu vya watoto vyenye picha. Kindle wakati huo ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, na iPad ilianzia dola 499. Kwa mwaka mzima walikuwa karibu peke yao kwenye bei ile. Tena ilikuwa inawaka kutoka kwenye kadi ya microSD, kwa hiyo mafundi walipakia Android kamili bila kugusa mfumo wa ndani. Wengi waliinunua kwa sababu hiyo tu.

Ubaya wake ni kwamba mtu aliyenunua Nook Color ili aifanye tableti ya bei nafuu hanunui vitabu. Na faida ya B&N ilitakiwa itoke kwenye vitabu.

Novemba 2011 ikaja Kindle Fire kwa dola 199. Nook Tablet ilikuwa 249, na kwa karatasi ilikuwa na nguvu zaidi: memori ya GB 1 dhidi ya MB 512, hifadhi ya GB 16 dhidi ya 8. Lakini katika zile 16, mteja aliachiwa takriban GB 1 tu kwa mafaili yake mwenyewe, nyingine ilitengwa kwa vitu vya kununua dukani kwao. Mteja aliyelipa dola 50 zaidi kwa ajili ya hifadhi aligundua hawezi kuitumia. Uamuzi ule uliwaudhi wateja wao wenye ujuzi zaidi, wale ambao ndugu na marafiki huwauliza "ninunue kipi?"

FundiSkrini

Na tabia hiyo ya kutenga hifadhi ilikuwa kwenye vifaa vya wino pia. Simple Touch ina GB 2. Mafaili yako yanapewa takriban MB 240. Angalau ilikuwa na microSD hadi GB 32. GlowLight ya 2013 wakaondoa hata hiyo nafasi ya kadi.

Nook HD na HD+ za 2012 zilikuwa na skrini nzuri sana kwa bei yake. HD ilikuwa inchi 7 yenye pikseli 1440 kwa 900 kwa dola 199, HD+ inchi 9 yenye 1920 kwa 1280 kwa dola 269. Lakini hazikuwa na kamera hata moja, chaja ilikuwa ya plagi yao wenyewe ya pini 30, na duka la programu lilikuwa la kwao pekee. Google Play ikaongezwa Mei 2013, yaani baada ya msimu wa Krismasi kupita na stoo kujaa. Mwezi mmoja baadaye HD ilikuwa dola 129 na HD+ 149.

HesabuZaDuka

Na Juni 2013 hiyohiyo wakatangaza kuacha kutengeneza tableti wenyewe. Mwaka 2014 wakaja na Samsung Galaxy Tab 4 Nook kwa dola 179: kifaa cha Samsung chenye programu za Nook ndani. Kwangu huo ndio mpango uliotakiwa tangu 2011. Hatari ya stoo na teknolojia ikae kwa mtengenezaji, duka liuze vitabu. Walipoufikia, wateja walishaondoka.

KaramuNaKurasa

Msisahau fedha za wengine. Machi 2011 Microsoft waliwashtaki B&N kwa hataza zinazohusu Android. Aprili 30, 2012 kesi ikaisha kwa njia ya kipekee: Microsoft wakaweka dola milioni 300 kupata asilimia 17.6 ya kampuni tanzu ya Nook. Piga hesabu, kampuni tanzu ikathaminiwa dola bilioni 1.7, zaidi ya thamani ya B&N nzima kwenye soko la hisa siku chache kabla. Desemba mwaka huo Pearson, wachapishaji wa vitabu vya elimu, wakaongeza milioni 89.5 kwa asilimia 5, wakilenga vitabu vya vyuo.

Desemba 2014 Microsoft wakauza hisa zao kurudi kwa B&N kwa takriban dola milioni 120, fedha taslimu na hisa pamoja. Miezi 32, zaidi ya nusu ya mtaji imekwenda.

MkutubiWaPwani

Nizungumzie kufuli na mipaka, maana hapo ndipo msomaji wa huku alipofungiwa nje.

Vitabu vya Nook vilikuwa EPUB, muundo wa wazi, jambo la kupongezwa. Lakini juu yake kulikuwa na kufuli lao, na kwa miaka ya mwanzo ufunguo ulitengenezwa kutokana na jina la mteja pamoja na namba ya kadi yake ya benki. Ukitaka kufungua kitabu kwenye kifaa kingine unaandika jina na namba nzima ya kadi. Kadi ikiisha muda ukapewa nyingine, vitabu vya zamani vinabaki na ufunguo wa zamani na vipya vina mpya. Mtu mwenye kadi tatu ndani ya miaka mitano alihitaji kukumbuka namba zote tatu.

Kuazimana kulikuwepo kwa jina la LendMe: siku 14, mara moja tu kwa kila kitabu, na pale tu mchapishaji aliporuhusu. Siku hizo wewe mwenyewe huwezi kukisoma.

Kuhusu mipaka: kununua kulihitaji kadi yenye anwani ya Marekani. Amazon walianza kupeleka Kindle katika nchi zaidi ya 100 Oktoba 2009, mwezi uleule Nook ilipotangazwa. Nook ilivuka kwenda Uingereza mwishoni mwa 2012, miezi michache baada ya Waterstones, mnyororo mkubwa wa maduka ya vitabu kule, kukubaliana na Amazon kuuza Kindle. Kwa hiyo Nook iliuzwa kwenye maduka ya vyombo na vyakula kama Argos, John Lewis na Sainsbury's. Machi 2016 duka la Uingereza likafungwa na wateja wakahamishiwa Sainsbury's. Sainsbury's nao wakajitoa mwaka uleule, wateja wakapelekwa Kobo, duka lingine la vitabu vya kidijitali. Mtu aliyenunua kitabu 2013 alihamishwa mara mbili bila kuulizwa, na si kila kitabu kilihamia naye.

MlangoWaPili

Je, kuna mnyororo wa maduka ya vitabu uliofanikiwa kwenye hili, au ni vita isiyoshindika?

KaramuNaKurasa

Ipo mifano miwili, na yote inakwenda njia tofauti na ya B&N.

Wa kwanza ni Indigo wa Kanada. Walianzisha Kobo 2009 kama kampuni inayojitegemea yenye wanahisa wengine. Kobo haikujifunga kwa Indigo. Iliuzwa kupitia Borders Marekani, WHSmith Uingereza, Fnac Ufaransa. Novemba 2011 Indigo na wenzao wakakubali kuiuza kwa Rakuten ya Japani kwa dola milioni 315. Waliuza wakati thamani iko juu, wakaendelea kuuza vifaa vyake madukani.

Wa pili ni Tolino wa Ujerumani, Machi 2013. Thalia, Weltbild, Hugendubel na Bertelsmann, ambao kwa kawaida ni washindani, walishirikiana kwenye kifaa kimoja, na Deutsche Telekom wakabeba teknolojia na hifadhi ya mtandaoni. Mteja aliunganisha akaunti za maduka tofauti kwenye kifaa kilekile. Mwaka 2017 Kobo wakachukua nafasi ya Telekom. Tolino ikasimama bega kwa bega na Kindle Ujerumani.

Na Borders wenyewe, mnyororo mwingine wa maduka ya vitabu Marekani? Walikabidhi mauzo yao ya mtandaoni kwa Amazon kuanzia 2001 hadi 2008, na mwaka 2011 wakafilisika na kufunga maduka yote. B&N waliiona njia hiyo na wakaikataa. Kwa hilo tuwape haki yao: kujaribu haikuwa kosa.

HesabuZaDuka

Nakubali, na niongeze kitu ambacho B&N walikuwa nacho na Amazon hawakuwa nacho: takriban maduka 700. Mteja mwenye Nook aliruhusiwa kusoma kitabu chochote cha kidijitali akiwa ndani ya duka, hadi saa moja kwa siku. Muuzaji alikuwepo wa kumwonyesha mzee namna ya kupakia kitabu chake cha kwanza. Huo ndio uliokuwa mtaji wa kweli. Badala ya kuujenga, fedha zilikwenda kushindana na kampuni zinazoweza kuuza kifaa kwa bei ya gharama maisha yote.

Elliott Management, kampuni ya uwekezaji, waliinunua B&N 2019 kwa takriban dola milioni 683 pamoja na madeni, wakamweka James Daunt, yuleyule wa Waterstones aliyeondoa Kindle madukani 2015 kwa sababu hazikuuzika. Tangu hapo nguvu imerudi kwenye vitabu vya karatasi na maduka mapya. Nook haijafa: GlowLight 4 (Desemba 2021, dola 149.99) ina pikseli 300 kwa inchi, GB 32, vitufe pembeni na USB-C. Ni bidhaa ndogo ndani ya duka la vitabu, na nafikiri ndio ukubwa unaoifaa.

MlangoWaPili

Asanteni sana wakuu. La mwisho: mtu akitumiwa Simple Touch iliyotumika na ndugu aliyeko Marekani, inafaa kitu?

FundiSkrini

Inafaa kwa kusoma mafaili yako mwenyewe, si kwa kununua. Huduma ya dukani kwa Nook ya kwanza ilisitishwa 2018, na kwa Simple Touch na GlowLight za mwanzo 2024. Kwa hiyo kama mwenyewe bado ana vitabu alivyonunua ndani, asifute kifaa wala kuondoa akaunti, maana hataweza kuingia tena. Avisome kwenye programu ya simu kwanza ajiridhishe vipo, ndipo akitoe.

Ikishafutwa, itawaka na kudai usajili. Kuruka hatua hiyo:

Kwenye skrini ya kwanza ya kukaribisha, bonyeza na ushikilie kitufe cha juu kulia cha kufungua kurasa, kisha telezesha kidole juu kabisa ya skrini kutoka kushoto kwenda kulia. Kitatokea kitufe kilichoandikwa Factory. Kiguse. Shikilia tena kitufe kilekile cha pembeni, gusa kona ya chini kulia ya skrini, na kitatokea kilichoandikwa Skip Oobe. Ukikigusa unaingia ndani bila akaunti.

Betri iliyolala sifuri kwa miaka haiwaki mara moja. Iache kwenye chaja saa kadhaa kabla ya kukata tamaa. Na kama kurasa zinajifungua zenyewe au upande mmoja hausikii mguso, usifikirie skrini imekufa: ile miale ya infraredi imezibwa na vumbi kwenye pembe ya fremu. Pitisha brashi laini kavu pande zote nne, kifaa kikiwa kimezimwa. Usitumie maji wala kuchokonoa kwa pini.

MkutubiWaPwani

Upande wa mafaili: inasoma EPUB na PDF. MOBI na AZW (mafaili ya Kindle) haisomi, hata kama hayana kufuli; yageuze kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta, kwenda EPUB. Unganisha kwa waya wa kompyuta, weka kwenye folda ya My Files, au weka kadi ya microSD na ujaze hiyo, maana MB 240 zinaisha haraka ukiwa na vitabu vyenye picha. Toa kifaa kwa njia salama kabla ya kuchomoa waya, la sivyo faili linabaki nusu na kitabu kitagoma kufunguka.

PDF za ukubwa wa A4 kwenye inchi 6 ni mateso kwa macho. Ukizigeuza kwenda EPUB, tarajia namba za kurasa na vichwa vya sura kujipenyeza katikati ya aya, na safu mbili kuchanganyika. Calibre ina sehemu ya kutafuta na kubadilisha wakati wa kugeuza. Futa vichwa vinavyojirudia hapo. PDF iliyotokana na picha za kurasa haitageuka kabisa, kwa kuwa ndani yake hakuna maandishi.

Vitabu vya maktaba vyenye kufuli la Adobe vinaingia kwa kupitia programu ya Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, kwa kitambulisho kilekile kilichotumika kuazima. Hilo halihitaji akaunti ya B&N.